Siku 23 katika wodi ya upasuaji, Moshi: tathmini ya uuguzi usioonekana kwenye risiti

Baba yangu alilazwa siku 23 katika wodi ya upasuaji ya wanaume ya hospitali moja hapa Moshi, akakatwa mguu wa kulia chini ya goti kwa sababu ya kidonda cha kisukari. Tangu tumrudishe nyumbani Kibosho, ndugu na majirani wenye wagonjwa wamekuwa wakiniuliza hospitali ile ikoje. Juu ya upasuaji wenyewe, dawa na usafi sina neno: kidonda kimefunga, mashuka yalibadilishwa, na madaktari walijua kazi yao. Ninachotaka kukitathmini hapa ni huduma ambayo hakuna aliyeniuliza habari zake, nayo ni namna wauguzi walivyoipokea hofu, huzuni na fedheha ya mtu mzima aliyepoteza kiungo. Jina la hospitali nimeliacha kwa makusudi. Humu mna sifa na mna lawama, na kwa siku zote 23 niliona kwamba zote mbili zilitegemea nani yuko zamu.

Niseme pia kwamba kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, kwa hiyo nina tabia ya kusoma kila karatasi iliyo mbele yangu, hata isiyonihusu. Safari hii tabia hiyo ilinifaa.

Mzee ana umri wa miaka 71 na ameishi na kisukari kwa miaka 14. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, na ndiyo maana lengelenge alilolipata kwenye buti la mvua wakati wa palizi halikumuuma hata kidogo. Aliyeligundua ni mke wa mdogo wangu, kwa harufu. Tulipofika hospitali vidole vitatu vilikuwa vimekwisha kuwa vyeusi.

Daktari wa upasuaji alikuja jioni ya siku ya pili, akaeleza hali ilivyo, akaeleza hatari ya sumu kuenea mwilini, akauliza kama kuna swali, na Mzee akasema hakuna. Fomu ya ridhaa ikaachwa juu ya kabati dogo la kitandani ili aweke dole gumba. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nikaridhika kwamba ameelewa. Baada ya kama nusu saa akaja muuguzi wa zamu ya jioni, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba shingoni, akamwamkia, akavuta stuli akaketi, jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelifanya tangu tuingie. Akasema, "Baba, hebu niambie kwa maneno yako mwenyewe, kesho wanakwenda kukufanyia nini?" Mzee akajibu kwa utulivu kabisa: "Wanakwenda kunisafisha kidonda."

Hakucheka, wala hakunigeukia mimi kana kwamba Mzee hayupo. Aliichukua ile fomu, akaenda kumrudisha daktari, na maelezo yakatolewa upya, safari hii polepole, muuguzi akionyesha kwenye muundi wake mwenyewe mahali msumeno utakapopita. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo sisi wanawe tusingethubutu kulifikiria: "Na huo mguu mtaupeleka wapi?" Akajibiwa kwamba familia ikitaka itakabidhiwa ikauzike, na isipotaka hospitali inao utaratibu wake. Tuliuchukua, tukauzika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo la nyumbani. Mbinu hii ya kumtaka mgonjwa arudishe maelezo kwa maneno yake inafahamika sana katika uuguzi, wala haihitaji kifaa chochote zaidi ya stuli na dakika kumi, na bado katika siku zile 23 niliiona ikitumika kwa baba yangu mara moja tu, na mtu mmoja tu.

Siku ya tatu baada ya upasuaji Mzee aliingia ukimya ambao sikuuzoea. Alikuwa akilikunja shuka kwa vidole, akiangalia mahali mguu ulipokuwa, kisha akiangalia ukuta. Nilidhani ni maumivu ya kidonda. Usiku ule nilikuwa na kibali cha kukaa naye, na muuguzi kijana aliyekuja kumpima presha alipomaliza kuandika aliinama karibu na sikio lake akasema, "Mzee, vidole vinawasha?" Mzee akamwangalia kama mtu aliyefumaniwa. "Vipi?" akauliza. Kijana akasema, "Vya mguu uliotoka."

Ndipo yakatoka yote. Kwa siku mbili kidole gumba kisichokuwepo kilikuwa kikimchoma kama kimewekwa kaa la moto, naye alikuwa ameazimia asimwambie mtu, kwa kuwa angeonekana ameharibikiwa akili, au tungesema kwamba mguu ule tumeuzika vibaya na sasa unamdai. Muuguzi akamweleza kwamba ubongo bado unaikumbuka ramani ya mguu, na mishipa iliyokatwa inaendelea kupeleka habari kana kwamba mguu upo. Kwamba walio wengi kati ya wanaokatwa kiungo husikia hali hiyo. Kwamba kwa kawaida hupungua kadiri muda unavyopita, na isipopungua zipo dawa za kuituliza. Hali hii ina historia ndefu: daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell, aliyewatibu askari waliokatwa viungo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, aliipa jina la kitabibu mwaka 1871. Mzee hakuhitaji historia hiyo. Alihitaji mtu wa kumwambia kabla hajauliza kwamba hajawa kichaa, na aliyelifanya hilo alitumia dakika mbili hivi, usiku, huku wagonjwa wengine wakimwita. Mzee alilala hadi saa kumi na moja.

Sehemu ngumu zaidi ilianza siku ya tisa, alipoacha kula. Mke wangu alileta mtori kwenye hotpoti, akarudi nao. Alileta ndizi za nyama, akarudi nazo. Kwa mgonjwa anayechomwa insulini jambo hilo ni la hatari, kwa sababu dawa huishusha sukari kiwe kipo chakula tumboni au hakipo, na asubuhi moja kipimo kilisoma 3.1, ikabidi anyweshwe sukari haraka. Ipo pia njia ya kinyume: mtu mwenye msongo mkubwa hutoa homoni zinazoipandisha sukari, na sukari iliyopanda huchelewesha kidonda kufunga. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba huzuni ya mgonjwa ni mambo ya ziada yanayosubiri kazi ya kweli iishe. Watu wenye kisukari hupatwa na sonona mara mbili hadi tatu zaidi ya wasio nacho, na katika wodi ile huzuni ya Mzee ilisomeka kwenye kipimo cha sukari kabla haijasomeka mahali pengine popote.

Sisi ndugu tulifanya tulichokijua. Tulikuja makundi kwa makundi saa za kuona wagonjwa, tukamwambia asijali, Mungu yupo, ashukuru yu hai, na kwamba fulani wa Kiboriloni naye alikatwa mguu na leo anaendesha bajaji. Florence Nightingale, katika karne ya 19, aliwalaumu vikali wageni wa namna hii wanaommiminia mgonjwa matumaini mepesi ili wao wenyewe wapate nafuu. Nilipokuja kulijua hilo baadaye niliona haya, kwa sababu yule wa bajaji nilimtaja mimi, na kusema kweli simfahamu.

Yule muuguzi mwenye miwani hakumwambia asijali. Alivuta stuli yake akamwuliza, "Baba, ukifika nyumbani, kitu cha kwanza unachokiogopa ni kipi?" Nilitarajia aseme kifo, au umaskini, au shamba la kahawa. Mzee akasema, "Choo."

Choo chetu ni cha shimo, kiko nyuma ya zizi, kwenye mteremko, na kukifikia unashuka ngazi za mawe ambazo wakati wa masika huteleza hata kwa mwenye miguu miwili. Mchana wanaobaki nyumbani ni yeye na mke wa mdogo wangu. Alikuwa amelala pale siku kadhaa akijiona akibebwa na mkwewe kwenda chooni, fedheha ambayo kwa mtu wa rika lake na malezi yake haina jina, akakata shauri kwamba ni heri asirudi. Kutokula kwake kulikuwa na sababu yenye vipimo, mlango na paa, na sisi tulikuwa tukikujibu kwa mahubiri.

Hapa ndipo tabia yangu ya kusoma karatasi iliponifaa. Muuguzi yule alipoondoka nililiona faili, na katika ukurasa wa maelezo ya wauguzi alikuwa ameandika, kwa Kiingereza kifupi cha hospitali ambacho nakifasiri: mgonjwa hapati usingizi, hataki chakula, anaogopa kurudi nyumbani kwa sababu choo kiko mbali na kwenye mteremko, naomba ustawi wa jamii na mazoezi ya viungo. Ilikuwa mistari mitatu. Kesho yake kwenye raundi daktari akaisoma, akasimama, na kwa mara ya kwanza akamwuliza Mzee swali lisilohusu kidonda. Katika siku mbili tulikuwa tumeonana na afisa ustawi wa jamii, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa ametuchorea kiti cha mbao chenye tundu na vishikio, kinachoweza kuwekwa kwenye chumba kidogo kilichoungana na chumba chake. Aliongeza kwamba kwa mguu bandia wakazi wa Moshi hatuna haja ya kwenda mbali, kwa kuwa chuo kinachofundisha wataalamu wa viungo bandia, TATCOT, kipo hapa hapa mjini, katika hospitali ya rufaa ya KCMC, tangu mwaka 1981. Siku tuliyobishana kuhusu mlango wa choo kipya uangalie wapi, Mzee alimaliza nusu bakuli ya mtori, na msimamo wake kuhusu mlango ndio uliofuatwa.

Sasa lawama. Wakati wa kukabidhiana zamu, wauguzi hupita kitanda kwa kitanda, na mara nyingi nilisikia baba yangu akiitwa "ule mguu wa kitanda cha 7". Najua ni lugha ya haraka ya watu wenye kazi nyingi, na najua hawakukusudia ubaya. Lakini Mzee anasikia, na usiku mmoja aliniuliza, bila hasira, kwa nini anaitwa kwa jina la kitu ambacho hana tena. Usiku mwingine, aliposhindwa kujizuia kwa sababu chombo cha mkojo kilikuwa kimewekwa upande asioufikia, muuguzi aliyekuja alimkaripia kwa sauti iliyofika hadi mlangoni: "Mzee, wewe si mtoto!" Shuka lilibadilishwa, kweli, na lilibadilishwa vizuri. Kwa siku mbili zilizofuata alipunguza kunywa maji ili asiwe na haja usiku.

Kitanda cha jirani kilinionyesha tofauti ya zamu waziwazi. Palikuwa na mzee wa kutoka Same aliyevunjika nyonga, na kila giza lilipoingia alichanganyikiwa, akawa anaita ng'ombe zake na kuchomoa dripu. Kuchanganyikiwa kwa ghafla namna hii baada ya upasuaji ni jambo la kawaida kwa wazee, wala si wazimu. Zamu moja ilimfunga mikono kwenye kitanda kwa bandeji, akapiga kelele hadi alfajiri, na wodi nzima haikulala. Zamu iliyofuata muuguzi alifungua kabati la mzee huyo, akatoa miwani ya mzee mwenyewe akamvalisha, akawasha taa ndogo, akamshika mkono akimwambia taratibu kwamba leo ni Jumanne, yuko Moshi hospitalini, amefanyiwa upasuaji wa nyonga na mwanawe atakuja asubuhi. Alirudia maneno hayo mara tatu au nne usiku ule. Mikono haikufungwa na dripu haikuchomolewa. Mtu asiyeona vizuri, katika giza, mahali asipopajua, hana budi kuita ng'ombe zake.

Kelele nazo zinastahili kutajwa. Toroli la dawa lina gurudumu bovu, simu za wahudumu hazikuzimwa sauti, na taa zote huwashwa saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya kuogesha wagonjwa. Usingizi uliovunjika humwongezea mgonjwa hofu na maumivu, na gurudumu ni jambo la fundi mmoja na nusu saa.

Siku ya kumi na mbili alikuja muuguzi wa kliniki ya afya ya akili, baada ya ile mistari mitatu kwenye faili. Alikuwa na dodoso lenye maswali 9 linalotumika sehemu nyingi duniani kupima sonona, ambalo huuliza mtu amejisikiaje katika wiki 2 zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27, na kuanzia 10 mhudumu hutakiwa kuchunguza zaidi. Kwanza alisoma maswali kama yalivyoandikwa, na Mzee akawa anajibu "hapana, hapana", kama mtu anayeulizwa na polisi. Dada yule akaliweka dodoso pembeni, akauliza kuhusu usingizi, kuhusu chakula, kuhusu kama bado anapenda kusikiliza taarifa ya habari redioni, kisha akayajaza mwenyewe kutokana na mazungumzo. Swali la mwisho, linalohusu mawazo ya kuona ni afadhali ufe, aliliuliza moja kwa moja na kwa sauti ya kawaida. Wapo wanaoogopa kwamba kuuliza hivyo humpa mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Uzoefu wa wataalamu ni kwamba halimpi, na mara nyingi humpa nafasi ya kulitua. Mzee alijibu kwamba liliwahi kupita, sasa limeondoka. Alipata alama 13, akapangiwa mazungumzo mara tatu kabla ya kuruhusiwa, bila dawa. Kasoro ni moja, nayo ni kubwa: yote haya yalifanyika kitandani, bila pazia, mita moja kutoka kwa jirani. Jirani wa upande wa pili alimpa pole kwa majibu yake.

Ni lazima niseme upande wa wauguzi, kwa sababu karipio la usiku ule halikutoka hewani. Usiku ninaousema walikuwepo wauguzi 2 na mwanafunzi 1 kwa wagonjwa 34. Nilishuhudia mgonjwa wa kitanda cha 12 akifariki kama saa nane za usiku. Muuguzi alimfunga taya, akamfunika, akazungumza na mwanawe kwenye korido, na kabla ya robo saa kupita alikuwa akilisukuma lile toroli lenye gurudumu bovu. Nilimwona baadaye kwenye sinki akinawa mikono kwa muda mrefu kupita kiasi. Hakuna mtu aliyemwuliza yeye analalaje.

Tuliporuhusiwa nilipewa hati ya malipo, nikaikagua kama nilivyozoea. Kulikuwa na glovu, bandeji, insulini, maabara, gharama ya kitanda na ya chumba cha upasuaji, na hesabu zilikuwa sahihi. Dakika kumi za stuli hazimo, wala zile mbili za vidole vinavyowasha. Silalamikii kutotozwa. Ninachokiona kama mkaguzi ni kwamba kazi isiyo na safu ya kuandikiwa hufanywa na wenye moyo na kurukwa na waliochoka, na hakuna msimamizi anayeweza kujua ni nani amefanya lipi. Karatasi ya vipimo iliyoning'inizwa miguuni pa kitanda ina safu za joto, mapigo ya moyo, presha, sukari, na kiwango cha maumivu kuanzia 0 hadi 10. Nami niliona hivi: wauguzi wote, hata yule mkali, walimwuliza Mzee kuhusu maumivu kila zamu, kwa sababu safu iliwadai jibu. Safu moja zaidi, yenye nafasi ya kuandika usingizi, chakula na jambo linalomtia mgonjwa hofu, ingemfanya kila mtu aulize lile ambalo mwenye miwani huuliza kwa hiari yake. Nililiandika hilo kwenye karatasi nikalitia katika sanduku la maoni, ambalo kufuli lake lilikuwa na kutu.

Ikibidi nitoe alama, wodi ile naipa 3 kati ya 5, nikijua kwamba wastani huo umechanganya zamu za 5 na zamu za 1. Kwa mwenye mgonjwa anayelazwa popote Moshi au Arusha, mweleze muuguzi wa zamu namna mzee wako anavyopenda kuitwa, mwachie miwani na kifaa chake cha kusikilia badala ya kuvirudisha nyumbani kwa kuogopa visipotee, na ukiona ameanza kugeukia ukuta, omba iandikwe kwenye faili, usiishie kumwambia mtu kwa mdomo. Kinachosemwa kwa mdomo huisha na zamu.

Wiki iliyopita nilimpeleka kliniki kubadilishiwa bandeji inayokibana kigutu kabla ya kupimiwa mguu bandia. Chumbani tulimkuta yule kijana wa usiku, sasa amehamishiwa huko. Alimwamkia, akaanza kuifungua bandeji, akauliza, "Mzee, vidole bado vinawasha?" Mzee akafikiri, akasema, "Kidole gumba tu. Na siku za mvua tu." Kijana akacheka, akafunga bandeji mpya, akajaza kadi. Nilichungulia alichoandika: tarehe, hali ya kidonda, bandeji imebadilishwa.